Hoteli ya Dunbar na Kufufuliwa Kwake

Katika mji wa Los Angeles, Marekani, iko njia kuu iitwayo Central Avenue, na kandoni mwake lasimama jumba ambalo wapenzi wa muziki wa jazi hulitaja kwa heshima, yaani Hoteli ya Dunbar. Jumba hilo lilikuwa limechakaa sana, likatengenezwa upya, likafunguliwa tena mwaka 2013. Wengi wamekwisha kuisifu kazi hiyo. Sisi twataka kuipima, maana twaona ya kuwa sifa nyingine zimeangukia pasipo mahali pake.

Aliyelijenga, mwaka 1928, ni Dakta John Somerville, mganga wa meno, mzaliwa wa Jamaika, pamoja na mkewe Vada, naye mganga wa meno vilevile. Siku zile mtu mweusi aliyefika mji ule, hata akiwa na fedha tele mkobani, hoteli nzuri hazikumpokea. Basi Somerville akajenga nyumba ya vyumba 115, akaiita kwa jina lake, nayo ikawapokea wajumbe wa chama cha NAACP waliokutana huko mwaka ule ule. W. E. B. Du Bois mwenyewe aliisifu. Walakini mwaka 1929 biashara ya Marekani ikaanguka, Somerville akaipoteza mali yake, na hoteli ikapewa jina la Paul Laurence Dunbar, mtunga mashairi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa.

Hapo ndipo wasimulizi huongeza sauti. Hutaja Duke Ellington, na Louis Armstrong, na Count Basie, na Billie Holiday. Hutaja na Club Alabam iliyokuwa jirani. Majina hayo ni ya kweli, na hata kwetu sifa ya jazi ilifika, ndiyo maana bendi za dansi za Morogoro na Tabora zilijiita Jazz. Lakini msomaji akisikia masimulizi yale atadhani wapigaji hao walikusanyika pale kwa kupenda tu. Sivyo. Mtu aliweza kupigiwa makofi usiku katika ukumbi wa wazungu, na usiku ule ule akakosa kitanda katika mtaa wao. Ubaguzi ndio ulioijaza hoteli hii. Tena, milango mingine ilipoanza kufunguka, wageni wake wakaenda zao mmoja mmoja. Sheria ya mwaka 1964 ikakataza ubaguzi hotelini katika nchi yote, na miaka kumi baadaye, 1974, Dunbar ikafungwa. Haki waliyoitaka Somerville na wenziwe ndiyo iliyowapunguza wapangaji wa nyumba yake. Jambo hili ni zito, nasi hatuoni sababu ya kulipitia mbio ili tufike kwenye tarumbeta.

Sasa ndani yake wanakaa wazee wenye kipato kidogo. Wako wanaonung'unika, wakisema ingefaa iwe ukumbi wa muziki au nyumba ya makumbusho. Hatukubaliani nao. Nyumba hii ilijengwa kwanza ili mtu asiye na pa kulala apate kitanda cha heshima. Ngoma ilikuja nyuma. Mzee anayepata chumba kwa kodi aiwezayo yu karibu zaidi na nia ya Somerville kuliko mtalii anayetazama picha ukutani.

Upungufu tunaouona ni mwingine. Club Alabam haipo tena, na kumbi nyingi za njia ile zimekwisha kutoweka. Dunbar imebaki kama jino moja kinywani (mwenye nyumba angetusamehe mfano huo). Tangu mwaka 1996 ilianzishwa sikukuu ya jazi mbele ya mlango wake, wakati wa kiangazi, nayo ni njema. Lakini wakaao sasa katika mitaa ile wengi husema Kihispania, nao wana habari zao za kunyimwa nyumba na kazi. Watengenezaji walitia bidii katika kuta na madirisha. Tungependa kuona bidii kama ile katika kuwasimulia jirani hao, kwa lugha yao, kwa nini jumba hili lilihitajiwa.