Gari Guni: Uhakiki wa Altezza Lililoshushwa

Likiwa limesimama, huna la kulisema. Altezza la rangi ya fedha limeegeshwa kando ya gereji, Kinondoni, tumbo nusura liguse changarawe, na duara la tairi limeingia chini ya duara la fenda kama kawa na chungu chake. Ukipitisha jicho kuanzia taa ya mbele hadi buti, hakuna pa kukwama. Kisha mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaliwasha, akakata usukani wote kushoto ili atoke, na chini kukatoka sauti ya kucha zikiparura sufuria. Akakanyaga breki.

"Umesikia, fundi?"

Fundi alikuwa amekalia rimu kuukuu, kikombe cha chai mkononi. Hakuinuka. "Nimesikia, dogo. Na nyuma je?"

"Nyuma ni nikipakia watu."

Washairi wa Kiswahili wana jina la kitu cha namna hii. Shairi lililokosea vina au mizani huitwa guni. Ubaya wa guni ni kwamba laweza kukudanganya karatasini: beti zimepangwa, mishororo minne minne, kila mmoja na vipande vyake viwili. Ukianza kulighani ndipo sauti inajikwaa, kwa kuwa mahali pa mizani nane mtunzi amesukumiza tisa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezichapisha sheria za utunzi mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni la kuimbika, na nadhani hata gari angelipima vivyo hivyo. Altezza hili lilikuwa zuri kulitazama na baya kulighani. Ni gari guni, na guni halitibiwi kwa kubahatisha. Huhesabiwa upya, neno kwa neno.

Tuanze na umbo lenyewe. Altezza liliingia sokoni Japani mwaka 1998, chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama. Kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na toleo la RS200 lilivaa tairi la 215/45 la rimu ya inchi 17. Kati ya tairi na fenda kiwanda kiliacha nafasi ambayo vijana huiona aibu. Husema gari "limepanda", kana kwamba limekunja suruali livuke mto. Lakini nafasi ile ina kazi. Ni pumzi kati ya kipande na kipande: hapo ndipo gurudumu hupanda likikutana na tuta, na hapo ndipo tairi huzungukia usukani ukikatwa. Anayeifuta nafasi hiyo amefuta pumzi, na lazima amwoneshe msomaji atapumulia wapi.

Kijana alikuwa na maelezo yake tayari: ameshusha mno. Gari lilikuwa limeshuka milimita 40, na kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo, apandishe. Mmoja, ambaye sitamtaja, alimshauri kinyume: akate springi duara moja zaidi ili gari liwe gumu, lisibonyee hadi kugusa. Hesabu yake ina ukweli wa nusu. Springi yenye duara 6 zinazofanya kazi ikikatwa moja huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Ila ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kiti chake, na gurudumu likining'inia springi yaweza kuchomoka. Huo ni utunzi wa kung'oa silabi ya mwisho ili mizani itimie, neno likibaki kilema.

Fundi hakujibu hoja kwa hoja. Alichukua chaki. Akapaka mabega ya matairi yote manne, ndani na nje, kisha akamwambia kijana azunguke mtaa, apite matuta mawili, akate kona hadi mwisho kila upande, na vijana watatu wa gereji wakae kiti cha nyuma. Liliporudi, akaliinua kwa jeki, akaliweka kwenye stendi, akapiga tochi. Ndipo nilipoelewa kwamba huyu ni mhakiki mwenzangu, tena aniacha mbali. Mimi nilisikia kelele moja. Yeye alisoma alama mbili.

Ya kwanza ilikuwa mbele. Chaki ilifutika kwenye bega la tairi, na plastiki ya ndani ya fenda, ile sehemu inayotazamana na bampa, ilikuwa inang'aa kama kigoti cha mtoto atambaaye. Huo ni ugonjwa wa usukani. Tairi haligusi likienda moja kwa moja, hugusa likigeuka. Ya pili ilikuwa nyuma: mstari mwembamba, mkali, umechongwa kuzunguka bega la nje la tairi, upana wa uzi wa kiatu. Plastiki haichongi hivyo. Ni ukingo wa bati, ule mkunjo wa ndani ya fenda usiouona mpaka uingize vidole, na hugusa gari likibeba watu. Fundi alitafuta pia alama ya tatu, pete iliyosuguliwa ubavuni mwa ndani, karibu na shokapu. Hakuikuta. Angeikuta, gari lisingetoka siku ile kwa tairi lile, maana ubavu ndiko ziliko nyuzi zinazobeba uzito, nao ukichunwa hauzibwi kiraka.

Kutokuwapo kwa alama ya tatu kulikuwa ushahidi pia: tairi lilikuwa na nafasi ndani, likapungukiwa nje. Basi tuhesabu mizani.

Rimu ya awali ilikuwa na upana wa inchi 7 na ofuseti 50. Ofuseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, rimu huzama ndani. Nusu ya inchi 7 ni milimita 89 hivi. Toa 50, unapata 39: ndivyo rimu ilivyojitokeza nje ya habu. Rimu mpya ilikuwa ya inchi 18, upana inchi 8 na nusu, ofuseti 35. Nusu ya upana ni 108; toa 35, unapata 73. Rimu imetoka nje milimita 34, unene wa vidole viwili, na ndani imeongezeka milimita 4 tu. Tairi nalo, 225/40, lina kipenyo cha milimita 637, ilhali la zamani lilikuwa na 625. Limepanda milimita 6 kuelekea fenda.

Hapo ndipo usomaji unapogeuka. Mwisho wa kupanda kwa gurudumu hauamuliwi na urefu wa springi. Huamuliwa na stopa ya mpira kwenye shokapu, na ya gari hili haikuwa imekatwa. Kwa hiyo gurudumu likibonyea hadi mwisho hufika palepale lilipokuwa likifika tangu kiwandani. Kushusha gari hakukuongeza silabi. Kulifanya mshororo mbovu utamkwe mara nyingi zaidi. Silabi iliyozidi imo kwenye rimu. Kijana alikuwa akiilaumu sauti badala ya neno.

Mshairi aliyebanwa na mizani ana ruhusa zake. Anaweza kurefusha neno, mazida, kulifupisha, inkisari, au kulibadili sura bila kugusa idadi ya silabi, tabdila. Gereji nayo ina hizo zote tatu, na ustadi ni kujua ipi ya wapi. Spesa ni mazida: husukuma gurudumu nje, huponya msuguano wa ndani. Kwa Altezza hili ingekuwa kumwongezea maji aliyezama, ingawa kijana alikuwa na jozi yake kwenye buti, tayari kufungwa.

Kukunja ukingo wa fenda ni inkisari. Kuna mashine yake, hufungwa kwenye habu, na kigurudumu chake kigumu hupita ndani ya ukingo kikiulaza juu kidogo kidogo. Huko Marekani, wengine hutumia kirungu cha besiboli; hapa nimeona mpini wa jembe. Chombo chochote kile, rangi ipashwe joto kwanza. Ikikunjwa baridi hupasuka, na katika mji wa pwani chumvi ya hewani haisubiri mwaliko. Fundi alipuliza hewa ya moto, akajaribu bati kwa kiganja, akakunja, akapuliza tena. Saa nzima kwa fenda moja. Pakapatikana karibu sentimita.

Tabdila ni mwinamo wa tairi. Ukiinamisha kilele chake ndani kwa nyuzi 1, tairi la kipenyo hiki husogea hapo juu milimita 5 au 6, bila rimu kubadilishwa. Ruhusa hii ni tamu, na wengi huizidisha hadi magurudumu yakasimama kama miguu ya mbuzi aliyezaliwa leo. Tairi hukanyaga kwa upande mmoja na kulika ndani. Fundi aliridhika na nyuzi 1, tena nyuma tu.

Kisha yakaja mambo mawili ambayo kijana hakuyapenda. Matairi ya 225 yalitolewa, yakaingia ya 215/40, ambayo rimu ile bado inayakubali: kipenyo 629, karibu sana na la kiwandani, na bega jembamba kwa milimita 5 kila upande. Na gari likapandishwa milimita 10. Plastiki ya mbele ilipashwa joto, ikasukumwa nyuma, kona yake moja ikakatwa. Mwisho alaimenti, kwa kuwa ukigusa mwinamo umegusa na mwelekeo.

"Umelipandisha, fundi," kijana akalalamika.

"Nionyeshe wapi."

Akazunguka gari mara mbili, akapiga magoti, akaweka vidole kati ya tairi na fenda. Hakupaona. Jicho halihesabu milimita 10 mahali ambapo duara mbili zimepangana vizuri; huona tu kwamba zimepangana.

Kubanwa na vipimo si jambo jipya katika historia ya magari yaliyoshushwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ya California ilikataza bodi ya gari kushuka chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga mitambo ya haidroli kwenye Corvette yake, ipande na kushuka atakavyo. Japani nayo, nyumbani kwa Altezza, ukaguzi hudai sentimita 9 kati ya gari na ardhi. Kila mahali umbo hili limekomazwa na masharti, kama shairi. Aliyelitia uhai hakuwa aliyeshusha zaidi ya wenzake. Ni aliyejua gari litakwenda vipi baada ya kushushwa.

Jioni vijana watatu walirudi kiti cha nyuma, na mimi nikakaa mbele. Kona ya kwanza, usukani hadi mwisho: kimya. Tukafika kwenye tuta. Kijana alipunguza mwendo, akainua mabega kama mtu anayesubiri kofi. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Ya nyuma yakapanda, buti ikazama, na nikasikia mmoja wa waliokaa nyuma akimeza mate.

Mabega yake yakashuka. Akarudi nyuma, akalivuka tena.