Mashahidi au Washirika? Juu ya Uandishi wa Historia ya Maji Maji

Wasomi na raia wakiandika historia kwa pamoja, yatupasa kuuliza: nani aliyeuliza maswali, nani aliyekuwa na haki ya kusahihisha majibu, na kitabu kilipokwisha kilibaki mikononi mwa nani?

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika wilaya zilizopigana Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakaandika masimulizi ya wazee. Sifa ya kazi ile ni kubwa. Hapo kwanza vita hivyo vilijulikana zaidi kwa hati za Wadachi, ambamo mpiganaji huonekana kama mtu aliyedanganywa na mganga. Wazee walitaja mambo mengine: mashamba ya pamba ya lazima, kodi, na ukali wa maakida.

Tena masimulizi hayakukubali kufungwa katika kamba moja. Chuki ya pamba iliyowasha moto Umatumbini siyo iliyowasukuma watawala wa Kingoni, ambao walikuwa na uchungu wa madaraka yaliyopokonywa. Taifa changa lilitamani hadithi ya umoja. Wazee walileta historia yenye matawi. Ushirika wa kweli hujulikana hapo, mwenzio anapoweza kukupinga.

Lakini makala yalijalidiwa kwa Kiingereza. Mzee aliyesimulia, kama hakujua lugha hiyo, asingaliweza kukosoa yaliyoandikwa. Hata polisi humsomea shahidi maelezo yake kabla hajatia sahihi. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969, alikuwa na ruhusa ya kumwumba upya Kinjikitile wa Ngarambe. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo.

Pengine mtu atasema kwamba mzee akisomewa atabadili maneno ili kulinda heshima ya ukoo. Na abadili. Msomi ataweka kauli ya kwanza na ya pili bega kwa bega, na tofauti yao itakuwa ushahidi wa tatu.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika maswali yenyewe. Wasomi waliuliza kwa nini watu walipigana. Huko Songea, ambako mashujaa walionyongwa hukumbukwa kila tarehe 27 Februari, jamaa za Nduna Songea Mbano wana swali jingine: kichwa chake kiko wapi? Swali hilo halikutungwa chuoni. Hata hivyo, ndilo lililomkabili Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea mwaka 2023 akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Basi atakayekwenda kuandika historia pamoja na watu na aanze kwa kusikiliza wao wanatafuta nini. Asipofanya hivyo atarudi na majibu mengi, na wenyeji watabaki na swali lao.