Watu wa Misheni

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Karema, akafia hapa Majengo, Mpanda. Ukimuuliza kabila lake alijibu, "Sisi watu wa misheni," kisha akakutuma maji. Nilidhani ni jibu la mzee aliyechoshwa na maswali. Nimesoma maandishi mawili na kupanda gari hadi Karema ndipo nikatambua kwamba lilikuwa jibu kamili.

Andiko la kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1905. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili, na sitaki kuidharau. Lugha yake inatembea kama msafara wenyewe: tumefika, tumenunua, tumepigana, tumeondoka. Hakuna maombolezo wala mapambo. Mwaka 1867 anamshinda Nsama, mtemi wa Watabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, na hapo utajiri wake unaanza. Pembe anazipima kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Wakopeshaji anawataja kwa majina, watemi pia.

Lakini mtu aliyebeba hizo frasila mbili begani hana jina. Wapagazi na mateka wanatajwa kwa wingi tu, kama mvua au njaa. Wahakiki husifu kitabu hiki kwa sababu Mwafrika Mashariki anajieleza mwenyewe, na ni kweli. Ila swali langu ni dogo: kati ya watu wote wanaopita katika kurasa zake, bibi wa bibi yangu angekuwa wapi? Si miongoni mwa wenye majina.

Andiko la pili ni fupi, limeandikwa na mtu aliyekuwa bidhaa. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, kwenye mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Mapadri Weupe walimnunua Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956: miaka 67. Maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Yeye naye nina neno naye. Atiman ni mtu wa shukrani, na shukrani hufunika mambo. Aliyenunuliwa na mtu mwema bado alinunuliwa. Tena nilimsoma kwa Kiingereza, si kwa lugha tunayoizungumza Karema na Majengo, kwa hiyo waliotibiwa na mikono yake hawakuandikiwa wao. Hata hivyo, Atiman anafanya jambo ambalo Tippu Tip hafanyi. Anaanza na mama, baba na kijiji. Mtoto anayeuzwa ana kwao kabla ya bei. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Wiki iliyofuata nilikwenda Karema. Nilitegemea kuona bandari ya kale, maji yakipiga ukuta. Kumbe maji yaliondoka. Mwaka 1879 Cambier, ofisa wa Ubelgiji aliyetumwa na chama cha mfalme Leopold, alijenga kituo pale ufukweni. Miaka hiyohiyo ziwa lilikuwa limevunja kizuizi cha udongo na majani kwenye mlango wa mto Lukuga, ng'ambo ya pili, likawa linamwagika kuelekea mto Kongo. Ziwa likashuka mita kadhaa na ufuko ukasogea mbali. Mwaka 1885 Wabelgiji waliwakabidhi Mapadri Weupe kituo, nao wakakusanya humo watoto waliowakomboa kutoka kwa wafanyabiashara. Ndio hao, watu wa misheni.

Karibu na kanisa nilimkuta mzee amekaa kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nilimtaja bibi. Akanitazama kitambo, akasogea kwenye benchi ili nikae.

"Basi wewe wa hapa."

Nikamuuliza: kabla ya hapa tulitoka wapi? Akaita mjukuu wake aniletee maji ya kunywa.

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Wazee hawa hawakusahau. Walichagua mahali pa kuanzia hesabu, na mahali hapo ni misheni, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na bei.

Chini, ufukweni, kuna bandari mpya iliyokamilika mwaka 2022 kwa zaidi ya shilingi bilioni 47. Inategemea mizigo ya Kongo, kupitia Kalemie, mji ulio palepale Lukuga inapotoka ziwani. Naitakia heri. Kina mama wa dagaa na migebuka wanastahili gati. Ila niliposikia watu wakisema kwamba Karema imerudi kwenye biashara yake ya zamani, nilitamani wasome maandishi haya mawili kwanza, moja baada ya jingine, Tippu Tip kwa ajili ya hesabu na Atiman kwa ajili ya kujua nini kilihesabiwa.

Binti yangu ana miaka tisa. Juzi aliniuliza sisi kabila gani. Nikamwambia: watu wa misheni. Akasubiri. Kikombe kilikuwa mezani, kitupu, na nilikiona. Nikamwambia akae, nikaanza kumweleza watoto wale walifikaje Karema.