"Mmoja", "Yule" na Vijineno vya Kiingereza: Uhakiki wa Kanuni Moja ya Darasani

Katika madaftari ya Waswahili wanaojifunza Kiingereza, hakuna kosa lililozoeleka kuliko kuviacha vijineno "a", "an" na "the" panapohitajiwa, au kuvitia pasipohitajiwa. Mwanafunzi aliyesoma miaka mingi, mwenye hazina kubwa ya maneno na hoja zilizopangika, huandika "Sun has set", au "My father is farmer", na wino mwekundu humwandama. Husemwa kuwa ni mzembe. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kosa hilo, mara nyingi, halitokani na uzembe. Ni zao la kanuni aliyopewa mwanafunzi, naye ameifuata kwa uaminifu.

Kanuni yenyewe ni fupi, na ufupi wake ndio ulioipendekeza: "a" ni "moja", na "the" ni "yule" au "ile". Wala haikuzuka bure. Wajuzi wa historia ya Kiingereza hutwambia kwamba "the" chimbuko lake ni neno la kuonyesha la Kiingereza cha kale, na kwamba "an" na "one" ni ndugu wa tumbo moja. Lakini asili ya neno ni jambo moja, na kazi yake ya leo ni jambo jingine. Kwa kutumika karne nyingi, "the" imeacha kuonyesha kwa kidole, na "a" imeacha kuhesabu. Anayeifundisha asili kana kwamba ndiyo maana ya leo humpa mwanafunzi sarafu isiyopita tena sokoni.

Tuipime kanuni hiyo kwa mifano. Mwingereza husema "My father is a farmer", nasi twasema "Baba yangu ni mkulima". Hatusemi "mkulima mmoja". Na lau tungesema hivyo, msikilizaji angengoja kisa kifuate. Neno "mmoja" lina kazi yake katika lugha yetu: "Palikuwa na mzee mmoja" humleta mbele yetu mtu ambaye habari zake zaja. Kadhalika Mwingereza husema "The sun has set", nasi twasema "Jua limekuchwa". Hakuna asemaye "lile jua", maana jua ni moja na kila mtu analijua. "Yule" ikitangulia jina humrejesha aliyekwisha kutajwa: "Yule mzee akaondoka". Ikifuata jina, kama "mzee yule", aghalabu humwonyesha aliye mbali na wasemao. Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyotoka mwaka 1944, alitambua kwamba neno hilo likitangulia jina hufanana na "the". Maoni yake ni sahihi kwa mahali pake. Lakini kufanana katika kazi moja si kulingana katika kazi zote.

Hapa ndipo ubaya wa kanuni unapodhihirika. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "the" ni "yule" hutazama wazo lake, haoni "yule" ndani yake, basi haandiki "the". Aliyeambiwa kwamba "a" ni "moja" haoni kitu cha kuhesabiwa katika ukulima wa baba yake, basi haandiki "a". Amekosea Kiingereza kwa sababu ameitii kanuni.

Wako na waalimu wa rai nyingine, wasemao kwamba Kiswahili hakina chochote cha namna hii, na kwa hiyo mwanafunzi hana budi kuanza patupu. Tangu Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, imejulikana kwamba lugha yetu haina vijineno vya aina hiyo. Kwa upande wa umbo neno hilo ni kweli tupu. Kwa upande wa maana halitoshi, kwani kukosa neno si kukosa maana. Mswahili hupambanua kila siku kati ya kitu kinachojulikana na kisichojulikana, ila hupambanua kwa njia zake.

Njia ya kwanza ni mpango wa maneno. "Mgeni amefika" ni habari ya mgeni aliyetazamiwa. "Amefika mgeni" ni habari ya mtu asiyejulikana bado. "Kitabu kipo mezani" humjibu anayekitafuta kitabu. "Mezani pana kitabu" humwarifu asiyekuwa na habari nacho. Kwa Kiingereza, jozi hii ya pili ni "The book is on the table" na "There is a book on the table". Njia ya pili ni kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. "Nimenunua kitabu" hutaja kitabu chochote; "Nimekinunua kitabu" hudai kwamba msikilizaji anakijua. Lakini hapa mwalimu na aangalie: kwa watu kiambishi hicho hutumika hata pasipo kujulikana, kama "Nilimwona mtu njiani". Kwa hiyo mifano ya kwanza na iwe ya vitu, si ya watu.

Jozi kama hizi zatosha kuwa somo la kwanza. Mwanafunzi na aulizwe, kabla ya kutajiwa kijineno chochote: katika sentensi hizi mbili, ni ipi inayodhani kwamba msikilizaji anakijua kitu hicho? Atajibu bila shida, maana ni lugha yake. Ndipo aambiwe kwamba Mwingereza hulifanya jambo hilohilo kwa "the" na "a".

Hata hivyo haifai kudai kwamba njia hii hufika kila mahali. Kiingereza hugawanya vitu vya kuhesabika na visivyohesabika, na mgawanyo huo hauendi sambamba na ngeli zetu. Sisi twasema shauri na mashauri, lakini "advice" haihesabiki wala haipokei "a". Hapo mwanafunzi hana budi kujifunza neno pamoja na tabia yake. Majina ya mahali nayo yana desturi zake: husemwa "the Rufiji" na "the Indian Ocean", lakini "Lake Tanganyika" na "Mount Kilimanjaro" husimama peke yake. Na "an" hufuata sauti, si herufi: "an hour", lakini "a university". Mambo haya ni ya kukariri, na mwalimu aseme wazi kwamba ni ya kukariri.

Yawezekana mtu akapinga kwamba Kiswahili kisitiwe kabisa katika somo la Kiingereza, na kwamba sikio litafundisha lenyewe. Sikio ni mwalimu mwema kwa mtoto anayekua katikati ya wenye lugha. Kwa anayekisikia Kiingereza darasani tu, vijineno hivi ni vidogo, hutamkwa bila mkazo, na hupita kabla havijasikika. Tena, tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto akiingia sekondari hukabidhiwa masomo mengi kwa Kiingereza. Katika mpito huo, kila kanuni potofu hulipiwa katika kila somo, si la Kiingereza pekee.

Twashauri, basi, kwamba kanuni ya "moja" na "yule" iondolewe vitabuni na ubaoni, na mahali pake pawekwe swali moja: je, msikilizaji anakijua kitu hiki? Mwanafunzi anayeweza kuliuliza swali hilo kwa Kiswahili ameshika nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni mazoezi, na mazoezi hayamwaibishi mtu.