Betri Isiyo ya Dereva: Hesabu Iliyozifungulia Njia Boda za Umeme

Anayetaka kuelewa jinsi pikipiki za umeme zilivyoingia Kigali na Nairobi aanze na betri, na kwanza kabisa aulize ni mali ya nani. Kampuni nyingi zilizofanikiwa kuziingiza barabarani zilijibu swali hilo kwa namna moja: pikipiki iwe ya mwendeshaji, betri ibaki ya kampuni. Uamuzi huo unaonekana kama jambo la wahasibu tu, lakini ndio uliobeba kazi yote iliyofuata.

Tuanze na nishati yenyewe. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia uniti 9 za umeme. Pikipiki ya kawaida ya boda, yenye injini ya cc 125 au 150, hunywa lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100 za mjini. Hizo ni uniti 18 hadi 22. Pikipiki ya umeme humaliza mwendo huohuo kwa uniti 4 hivi. Sehemu kubwa ya petroli inayochomwa huishia kuwa joto la injini na moshi wa eksozi. Robo yake, au pungufu, ndiyo inayofika kwenye gurudumu. Mota ya umeme hufikisha zaidi ya asilimia 80 ya kile ilichopewa.

Sasa tutie bei. Mwaka 2025 lita ya petroli jijini Nairobi ilizunguka shilingi 180, hivyo lita 2.5 ni shilingi 450. Kwa upande wa pili, EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini Kenya, iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa za usiku ambapo matumizi yamepungua, kabla ya kodi na tozo. Uniti 4 kwa shilingi 16 ni shilingi 64. Hata tozo zikijumlishwa, gharama hiyo haifiki theluthi ya ile ya petroli.

Kama faida ni kubwa hivyo, mbona waendeshaji hawakuukimbilia umeme mapema? Kwa sababu betri ilikuwa imewawekea vizuizi vitatu. Cha kwanza ni bei: betri hubeba kati ya theluthi na nusu ya gharama ya pikipiki nzima, na mtu anayenunua chombo kwa mkopo wa kulipa kila jioni hana pa kuutoa mzigo huo. Cha pili ni muda: kuchaji huchukua saa kadhaa, na boda iliyoegeshwa haileti hela. Cha tatu ni makazi: mpangaji wa chumba kimoja, katika ploti yenye mita moja ya umeme kwa wapangaji wote, atachajia wapi? Na juu ya hayo kulikuwa na hofu ya haki kabisa: betri ikifa kabla mkopo haujaisha, hasara ni ya nani?

Betri ilipotenganishwa na pikipiki, vizuizi vyote vitatu viliondoka kwa mpigo mmoja. Ampersand ilianza biashara hiyo Kigali mwaka 2019, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo katika miji ya Kenya na Uganda. Bei ya pikipiki ilishuka ikakaribia ile ya petroli. Muda wa kuchaji ukahamia kwa kampuni. Mita ya ploti ikawa haihusiki tena. Na betri ikichoka, kampuni iliyoinunua ndiyo inayoumia.

Ukitaka kuona mfumo huu ukifanya kazi, simama kwenye kituo cha kubadilishia betri saa kumi na moja jioni, wakati watu wanatoka kazini. Mwendeshaji anaingia, mhudumu anaifungua betri na kuichomoa kwa mpini wake, kisha anaichomeka kwenye kabati la kuchajia. Mfumo unasoma kiasi cha umeme kilichobaki, malipo yanakatwa kwenye simu, na betri iliyojaa inasukumwa mahali pake hadi ilie “ka!” kuonyesha imekamata. Yote huchukua dakika chache. Kama kuna abiria nyuma, hata kofia havui.

Ndani ya kasha lile kuna mengi zaidi ya umeme. Betri nyingi za aina hii hutumia lithiamu pamoja na chuma na fosfati. Hazihitaji kobalti, huvumilia joto kuliko nyingi za ndugu zake, na huweza kuchajiwa zaidi ya mara 2,000 kabla ya kupungua nguvu kwa kiwango cha kusumbua. Pamoja nazo kuna saketi inayopima joto na volti, na kifaa cha mawasiliano kinachoipelekea kampuni taarifa. Meneja aliyeko ofisini anajua betri ipi inapata moto, ipi inazeeka haraka, na iko mtaa gani.

Hapa ndipo umiliki unapobadilisha hata ufundi. Mwendeshaji mwenye betri yake angeichaji kwa kasi yoyote na kuikamua hadi tone la mwisho, kwa sababu siku ya leo ndiyo inayomlisha. Kampuni inayoimiliki ina sababu ya kuilea: inachaji polepole inapoweza, inailinda na joto, na inasogeza kazi kubwa ya kuchaji usiku. Kwa Kenya usiku una maana ya pekee. Matumizi ya umeme nchini hushuka hadi karibu nusu ya kilele cha jioni, wakati mvuke wa kuzalisha umeme wa Olkaria unaendelea kutoka ardhini na upepo wa Ziwa Turkana unavuma kwa nguvu. Umeme ambao ungekosa mteja unapata mteja, na ndiyo maana bei ya shilingi 8 inawezekana.

Hesabu hiyohiyo ilipelekwa kwenye matatu. Kampuni ya BasiGo ilipoingiza mabasi yake ya kwanza ya umeme Nairobi mwaka 2022, ilimuuzia mwenye gari basi la viti 25 bila bei ya betri ndani yake, kisha ikamtoza shilingi 20 kwa kila kilomita kwa ajili ya betri, kuchaji na matengenezo. Dizeli wakati huo ilikuwa zaidi ya shilingi 110 kwa lita. Basi la ukubwa huo likienda kilomita 4 au 5 kwa lita, mafuta peke yake yalikula shilingi 22 hadi 28 kwa kilomita, kabla hujabadilisha oili wala filta. Mwenye matatu hakuhitaji kuhubiriwa mazingira. Alihitaji kuona tofauti hiyo ikijirudia kila siku, katika njia ileile na kilomita zilezile. Kwa basi hakuna haja ya kubadilisha betri: ratiba yake inajulikana, mwendo wa kilomita 250 kwa chaji moja unatosha kwa siku nyingi za kazi, na usiku linalala gereji.

Serikali nazo zilifanya sehemu yao. Rwanda mwaka 2021 iliondoa kodi za kuingiza magari ya umeme, betri na vifaa vya kuchajia, ikavipa vituo bei ya umeme ya viwandani, kisha ikaamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa biashara ya abiria Kigali ziwe za umeme tu. Amri hiyo ilikuja wakati vituo tayari vipo na waendeshaji wameshazoea. Ingetangulia, ingekuwa adhabu kwa maskini. Mpangilio huo ni wa kuigwa.

Hata hivyo mfumo una kasoro ambazo hatuna ruhusa ya kuzifumbia macho. Betri haziwezi kuwa sawa kwa idadi na pikipiki zinazozitumia. Lazima ziwepo za ziada, na kila ya ziada ni mtaji uliolala. Kampuni ikibana matumizi hapo, waendeshaji walio kwenye foleni za jioni ndio wanaolipa. Vilevile vituo viko mijini, hivyo mwendeshaji wa kijijini bado hajafikiwa. Na barabara za Kenya hukarabatiwa kwa tozo ya mafuta, shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024. Kadiri petroli inavyoachwa, mfuko huo utapungua, na ni busara serikali iseme mapema pengo litazibwaje.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba, kwa kawaida, betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Aliyenunua chombo amejifunga kwa muuzaji mmoja wa nishati. Akipandishiwa bei, hana pa kwenda. Kampuni ikifilisika, pikipiki aliyoilipia kwa jasho inabaki chuma kisicho na moyo. Mwenye petroli hupita kituo kimoja akajaze kingine. Uhuru huo wa wateja ndio unaozuia bei kupaa.

Kenya imeshapita njia hii na mitungi ya gesi ya kupikia. Kanuni za mwaka 2009 zililazimisha valvu ya aina moja na kuruhusu mtungi wa kampuni yoyote ubadilishwe popote. Mama wa nyumbani akapata uhuru wa kuchagua. Lakini haikuelezwa vya kutosha nani anawajibika kwa mtungi uliochoka, wajazaji haramu wakajipenyeza, na kanuni za mwaka 2019 zikafuta ulazima wa kubadilishana. Somo lake lina pande mbili: umbo moja linampa mteja nguvu, na bila kumbukumbu ya kila kifaa, nguvu hiyo inaharibika. Kwa betri, kumbukumbu hiyo tayari ipo, imo ndani ya kasha lenyewe.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya wadhibiti wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Waweke kiwango kimoja cha umbo, kiunganishi na mawasiliano ya betri za pikipiki, na wafanye hivyo sasa, kabla mitaji haijawa mikubwa kiasi cha kugoma. Wamlazimishe kila mwenye betri kuandikisha umri wa betri hiyo na kuipokea inapokufa. Na wewe mwendeshaji unayepiga hesabu ya kuhamia umeme, kabla ya kutia saini uliza maswali mawili: bei ya kubadilisha betri inaweza kupandishwa mara ngapi kwa mwaka, na kampuni ikifunga utafanya nini na pikipiki hii? Asiyekujibu kwa maandishi, usimpe hela yako.