Maumivu Yanayojificha Mgonjwa Akilala

Mama anayeishi Masara, kaunti ya Migori nchini Kenya, mwenye maumivu ya nyonga yasiyokwisha anaweza kumeza dawa za bakteria duru baada ya duru, kisha aende Migori mjini kupigwa picha. Picha hairudi na chochote. Huenda lawama isiiangukie mashine, bali namna alivyopimwa.

Vena zinazotoa damu kwenye ovari zina vali za kuizuia isirudi chini. Mimba huzitanua sana, na baada ya uzazi kadhaa vali zinaweza kuacha kufunga. Damu ikatuama nyongani. Ndiyo sababu maumivu huzidi akisimama kutwa au baada ya tendo la ndoa, na hupoa akijinyoosha kitandani. Upande wa kushoto ndio huathirika zaidi, maana vena yake humwaga damu kwenye vena ya figo, ambayo nayo inaweza kubanwa na mishipa mikubwa iliyo jirani.

Sasa mlaze chali umpige ultrasaundi: vena zimenywea, ugonjwa haupo! Mpimaji mjuzi huwasha dopla, kipimo cha mwendo wa damu, akamwambia mama abane pumzi na kusukuma kama anayekwenda haja, au akampima amesimama. Hapo damu huonekana ikirudi nyuma. Vena ya ovari ikizidi milimita 6, kuna la kuchunguza.

Hili si jipya. Mwaka 1984, daktari Beard na wenzake wa London walitia dawa ya kuonyesha vena kupitia nyumba ya uzazi, wakakuta zimevimba kwa wanawake ambao kamera ya tumboni haikuwa imeona kasoro. Mwaka 1993 ikaripotiwa tiba ya kuziba vena yenyewe: ganzi ya sehemu moja, katheta kupitia shingoni au kinenani, kisha koili ndogo za chuma. Tumbo halipasuliwi. Ila vena ya nyonga iliyobanwa na ateri itafutwe kwanza. Kuziba ya ovari na kuiacha hiyo ni kazi nusu.

Ufundi huu wa katheta umeanza kufundishwa Afrika Mashariki; chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, kilipokea wanafunzi wa kwanza wa ufundi huo mwaka 2019. Koili haziko Masara, lakini kumpima mama amesimama hakuhitaji Nairobi. Dada, ukifika kwa daktari, usiseme tu kwamba unaumwa. Mwambie maumivu huja saa ngapi na huondoka ukikaaje.