Lugha Haiko Ndani ya Damu

Katika hadithi kubwa ya Wanyanga, Mwindo anazaliwa akisema na kutembea. Jina lake la sifa, Kabutwakenda, linatangaza hivyo: aliyezaliwa, palepale akatembea. Huyo ni shujaa. Watoto wetu wa Burungu na Walikale wanazaliwa na kilio tu. Lugha wanaipata kwa mtu anayewajibu.

Nasema hivi kwa ajili ya neno linalorudi katika vikao vyetu: "Mutoto ni Muhunde, Kihunde kiko ndani ya damu." Wapi! Mtoto wa Kihunde aliyelelewa Goma katika Kiswahili tupu atasema Kiswahili, na wa kabila lingine anayecheza kutwa na watoto wa Kihunde atakisema Kihunde bila shida.

Mwaka 2003, huko Marekani, Patricia Kuhl na wenzake walitoa matokeo ya jaribio moja. Watoto wa miezi 9 waliochezeshwa mara 12 na watu waliosema Kichina walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wengine walisikia Kichina kilekile kwa televisheni au kwa kanda, wasipate kitu. Kumbe mtoto mchanga anataka macho yanayomtazama, mkono unaoonyesha kitu, na mtu anayengoja jibu lake hata likiwa "ba-ba" tu. Wazee walilijua hilo bila jaribio. Kitendawili hakiendi bila wa kujibu, na dada anayembeba mdogo wake mgongoni anamtajia mbuzi, moto, mvua, siku nzima.

Vyama vyetu vya utamaduni, na hiki kimo, vinapenda kuchapisha methali. Vizuri. Hata Mwindo, alivyoimbwa na Candi Rureke mwaka 1956, huku fimbo zikipigwa na wasikilizaji wakiitikia, aliokolewa na kitabu cha Biebuyck na Mateene cha mwaka 1969. Lakini kitabu hakimwitikii mtoto.

Vita vilivyoanza 1993 vilitawanya vijiji, na makambini mama anachagua Kiswahili ili mtoto acheze na wa jirani. Simlaumu; mtoto anaweza kubeba lugha mbili, hata tatu. Ninachokilaumu ni kumpa amri peke yake: "Kuja! Acha! Leta maji!" Hiyo si maongezi. Na bibi wawili wanacheka vizuri kwa Kihunde. Mjukuu akikaribia tu, wanageuza Kiswahili.